Mshauri Mkuu wa Juu ya Paa

Kabla sijaanza naomba niseme kwamba nchi hii si yenu. Nimeangalia mara mbili. Inaitwa Jamhuri ya Adabu, ina bendera yake na wimbo wake, na watu wake hawafanani hata kidogo na watu mnaowafahamu. Kama katikati ya habari mtakutana na mtu anayefanana na bosi wenu, naomba radhi kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe ana vikao.

Mimi naitwa Siwema. Ni injinia wa mitambo ya joto na baridi, nimesoma chuo, na cheti changu kina muhuri unaong'aa. Kasoro yangu ni kichwa. Mkubwa akiniuliza jambo, kinainama na kuitikia chenyewe kabla sijalielewa. Nikiwa shuleni mwalimu aliniuliza kama mimi ni mjinga, kikaitikia. Mama alisema nitakua na tabia hiyo itaisha. Nikakua, na Serikali ikakiajiri.

Mji mkuu wetu, Staha, uko milimani. Ukungu huingia madukani kabla ya wateja, na mbuzi wetu wana manyoya ambayo mbuzi wa kwingine wangeyaonea wivu. Sasa, zamani kidogo, mheshimiwa mmoja alirudi kutoka ziara ya nchi za tambarare akasema kwamba huko wakubwa wote wanakaa kwenye ofisi za baridi. Hakusema kwamba huko nje jua linachoma. Na sisi hatukuuliza, maana katika Jamhuri ya Adabu kumuuliza mtu aliyetoka safari ni kumwambia hakusafiri. Tangu hapo cheo kinapimwa kwa baridi.

Waziri anastahili nyuzi joto kumi na sita. Katibu Mkuu, kumi na saba. Wakurugenzi wanagombania kumi na nane. Karani hana nyuzi, anavumilia hali ya hewa kama ilivyo. Mtumishi akivurunda kazi, anaongezewa joto, na ndugu zake huja kumpa pole: "Tumesikia wamekupandisha nyuzi mbili, jamani, na una watoto." Mafua, kwa upande wake, ni heshima.

"Hongera kwa mafua, Mkurugenzi."

"Asante. Daktari anasema kifua nacho kimeanza. Tuombeane."

Karani mmoja wa idara yetu alikuwa ananusa ugoro kwa siri ili apige chafya mbele ya wakwe zake.

*

Ofisi yetu iko katika jengo la ghorofa lenye paa la zege, bapa kama meza. Ghorofa za juu ni Wizara ya Hali ya Ndani. Ghorofa ya chini ni kliniki ya mama na mtoto, na mwisho wa korido kuna chumba cha watoto njiti, wale waliokuja duniani kabla dunia haijajiandaa. Watoto hao hawawezi kujipasha joto wenyewe. Wahisani walikitembelea chumba hicho, wakaona hita za zamani zinazotoa cheche, wakalia, wakatuma pampu ya joto.

Naomba niieleze kidogo, ndicho kitu pekee ninachokijua. Mtambo mmoja mkubwa unakaa nje, juu ya paa. Mabomba ya shaba yanatoka kwake na kushuka kwenye mashine ndogo za ukutani, kila chumba na yake, kila moja na rimoti yake. Kazi ya mtambo ni kuhamisha joto: ama unaliokota nje na kuliingiza ndani, hata ukungu una joto la kuokota, ama unalitoa ndani na kulitupa nje. Ila kwa mtambo wa aina tuliyoletewa, vyumba vyote lazima viende upande mmoja. Hauwezi kutoa joto chini na baridi juu kwa wakati mmoja. Anayewasha kwanza ndiye anayechagua upande. Mwingine akitaka kinyume, mashine yake inawasha taa ndogo ya rangi ya chungwa, inapepesa, na kungoja.

Mnaona nilivyoeleza vizuri? Ni kwa sababu hakuna mkubwa hapa.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Waziri, Mheshimiwa Kilindo. Alikuwa amevaa koti, skafu mbili, na blanketi la magotini lenye nembo ya taifa. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo tatizo. Mkali ningeweza kumkimbia.

"Mwanangu Siwema," alisema, "sisi tumetafakari. Chini joto kwa ajili ya watoto, juu baridi kwa ajili ya taifa. Mtambo mmoja, mahitaji yote. Si itawezekana?"

Nilikuwa na jibu. Nililifanyia mazoezi bafuni, na ndoo ilionekana kushawishika. Nikafungua kinywa. Kichwa kikaitikia.

"Mmemwona?" Mheshimiwa aliwageukia wakurugenzi. "Hana maneno mengi. Hiyo ndiyo elimu."

Katibu wa kikao akaandika kwamba mtaalamu alithibitisha kwa uzito. Nikatoka pale nikiwa nimeifuta sheria ya fizikia, na watu wakinipigia makofi.

*

Kazi ya kufunga mtambo nilipewa pamoja na Fundi Chogo, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa akipanda ngazi huku anaitukana. Nilimweleza siri yangu tulipofika juu.

"Kwa hiyo umekubali kitu ambacho hakiwezekani," alisema.

"Kichwa ndicho kilichokubali."

"Na mwenye kichwa alikuwa wapi?"

"Alikuwepo. Aliona haya."

"Injinia, hicho kichwa kina springi. Kiletee nati nikikaze." Akacheka mpaka akakaa. Kisha akasema, "Mimi kazi yangu bolti. Ya kusema na wakubwa ni yako, dada. Mimi nina watoto na mkopo wa pikipiki."

Paa letu lilikuwa limejaa nondo zilizochomoza juu, kama nywele za mtu aliyeshtuka. Nondo hizo zinangojea ghorofa inayofuata, ambayo imo katika kila bajeti tangu jengo lilipofunguliwa. Kuzikata hairuhusiwi. Kukata nondo ni kukata tamaa, na kukata tamaa kunahitaji kibali cha Bunge. Ikabidi mabomba yangu ya shaba yapite kwa kujipindapinda katikati ya matumaini ya taifa. Winchi ilipoushusha mtambo, ulitua katikati ya nondo kama mgeni aliyekalishwa msituni.

Ndipo akapanda Bi Shamte, Afisa Itifaki wa Wizara, akihema. Bi Shamte ndiye aliyekuwa akitembea na kipimajoto mkobani, akiingia ofisi za watu bila hodi kuhakikisha hakuna anayejipa baridi asiyoistahili.

"Huyu anakaa juu ya nani?" aliuliza, akiuonyesha mtambo kwa kidole.

"Juu ya paa, Bibi," nilisema.

"Sikukuuliza paa. Ofisi ya Mheshimiwa iko hapo chini, pale pale. Kwa hiyo huyu anakaa juu ya kichwa cha Waziri. Katika nchi hii nani anaruhusiwa kukaa juu ya Waziri?"

"Ndege?" Fundi Chogo alijaribu.

Bi Shamte alimtazama hadi fundi akaanza kukaza bolti iliyokwisha kukazwa.

Kulikuwa na njia mbili, alieleza. Ama mtambo ushushwe, ama Waziri apandishwe. Siku nzima seremala alipima kama Mheshimiwa angeweza kuwekewa meza juu ya jukwaa, juu ya paa, juu ya mtambo, na mvua ikafikiriwa, na umri wake ukafikiriwa. Mwishowe Bi Shamte akapata njia ya tatu, na hata leo namheshimu kwa hilo. Mtambo ulipewa cheo. Kwa waraka wenye sahihi, uliteuliwa kuwa Mshauri Mkuu wa Taifa wa Mambo ya Hewa, cheo kilicho juu ya mawaziri wote, bila mshahara. Ukawekewa mwavuli, zulia jekundu la hatua chache, na askari wa kupiga saluti.

"Sasa amekaa mahali pake," alisema Bi Shamte akipangusa jasho. Kisha akakumbuka kwamba jasho ni aibu, akaficha leso.

*

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Kilindo alihutubia kati ya nondo.

"Ndugu wananchi! Kuna nchi zina joto, hazina baridi. Kuna nchi zina baridi, hazina joto. Sisi, kwa hekima ya Mshauri Mkuu aliyeketi hapa, tumekuwa na vyote viwili katika jengo moja! Nani kama sisi?"

"Hakuna!" tuliitikia. Mimi niliitikia kwa kichwa.

Hita za zamani zilitolewa chumba cha njiti kwa matarumbeta, zikapelekwa makumbusho ya taifa, zikafungiwa kwenye kioo. Kisha Mheshimiwa akashuka ofisini kwake na, mbele ya wapiga picha, akabonyeza rimoti yake. Nyuzi kumi na sita. Baridi safi ikamwagika. Alipiga chafya na watu wakashangilia.

Chini, katika chumba cha watoto njiti, muuguzi naye akabonyeza rimoti yake. Mashine ya ukutani ikawasha taa ya rangi ya chungwa, ikaanza kupepesa.

Bi Shamte, aliyekuja kukagua, alisema, "Anatafakari," akaondoka kwa kunyata ili asimsumbue.

Mimi nilibaki. Mle ndani kulikuwa na mama mmoja anaitwa Tunu, muuza vitumbua wa stendi. Mwanawe wa kiume alikuwa mdogo kiasi kwamba soksi ya mtu mzima ingemtosha kuwa suti. Alikuwa hajapewa jina. Kwetu njiti hapewi jina mpaka siku atakayotoka chumba kile kwa miguu ya mama yake, watu wanaogopa kuita kitu ambacho huenda kisiitikie. Tunu alikuwa amemweka kifuani, ngozi kwa ngozi, na kujifunga khanga juu yake, na juu ya khanga sweta, na juu ya sweta mapazia ya dirishani.

"Dada," aliniita. "Wewe ndiye wa mashine?"

Kichwa kikaitikia. Mara hii kilisema kweli.

"Hii taa inasema nini?"

"Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Mheshimiwa azime baridi yake."

"Basi si ukamwambie azime?"

Ajabu ni kwamba katika ile safari yote ya vikao, uteuzi na zulia jekundu, hakuna aliyekuwa amelifikia wazo hilo.

Nikapanda ngazi. Kila ghorofa nilirudia maneno yangu. Ghorofa ya mwisho nilikuwa nayatamka kwa sauti, na mfagizi akaniambia amina. Nikaingia. Mheshimiwa alikuwa peke yake nyuma ya meza, midomo ya bluu kidogo, akijaribu kushika kalamu.

"Oh, mwanangu! Umekuja kunipongeza?"

Mnajua kilichotokea.

Wakati naaga, leso yangu ilianguka. Nikainama kuiokota, na chini ya meza ya Waziri nikaona miguu yake, bila viatu, imekumbatia chupa ya mpira ya maji moto iliyovalishwa soksi. Macho yetu yalipokutana, Mheshimiwa aliona haya. Nilimfahamu mara moja. Ile haya ilikuwa yangu.

Nikashuka.

"Umemwambia?" Tunu aliuliza.

"Nimempongeza."

Wengine wangenitukana, na ningeshukuru. "Lete mkono," alisema. Akafunua mapazia, sweta na khanga, akatoa mguu wa mtoto, akauweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa mdogo kama kidole gumba changu na baridi kama kijiko.

"Mpongeze na huyu," alisema.

*

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka tu kwamba juu ya paa kulikuwa na upepo, nondo zilikuwa zinalia, na askari wa Mshauri Mkuu alinizuia kwa mkono.

"Unamtaka nani?"

"Yeye," nilisema, nikiuonyesha mtambo.

"Mshauri Mkuu haonwi hovyo. Una miadi?"

Kichwa kikaitikia.

Askari akapiga saluti, akanipisha. Nikasimama kwenye zulia jekundu nikishangaa. Kumbe kitu kile kilikuwa kinafanya kazi na kwa upande huu.

Ndani ya kifuniko cha mtambo kuna swichi ndogo ya kufunga upande. Ukiisogeza kushoto, mtambo unatoa joto tu, na hakuna rimoti duniani itakayoubembeleza kutoa baridi. Nilifungua kifuniko. Nikasema "samahani, Mheshimiwa," kwa sababu cheo ni cheo. Nikasogeza swichi.

Mtambo ukanyamaza kidogo, ukahema, ukaanza kunguruma kwa sauti nyingine.

Ghorofa ya chini taa ya rangi ya chungwa ikazimika, mbawa za mashine zikafunguka, na hewa ya uvuguvugu ikashuka juu ya vitanda vidogo. Haya niliambiwa baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa nimeitwa kwa Waziri.

Ofisi ilikuwa imejaa. Mashine ya ukutani ya Mheshimiwa ilikuwa imenyamaza, inapepesa taa. Wakurugenzi walikuwa wanaitazama kama watu waliotukanwa na picha. Bi Shamte alikuwa ameshika kipimajoto kwa mikono miwili.

"Nyuzi zinapanda!" alisema. "Kumi na tisa! Mheshimiwa, sasa hivi wewe ni Mkurugenzi Msaidizi!"

"Injinia," alisema Mheshimiwa Kilindo polepole, "nani amezima baridi ya Waziri?"

Kila mtu alinigeukia. Nilifungua kinywa. Nilitegemea kichwa, lakini kichwa hakiwezi kuitikia swali la nani. Kwa mara ya kwanza maishani kiliniacha peke yangu.

"Mshauri Mkuu," nilisema, kwa sauti ambayo mende angeniomba nirudie. "Amechagua joto."

Wakurugenzi wakatazama dari.

"Bi Shamte," aliuliza Waziri bila kuniondolea macho, "Mshauri Mkuu ni mkubwa kuliko mimi?"

Bi Shamte alikishusha kipimajoto. Waraka aliuandika mwenyewe. "Kwa mujibu wa itifaki, Mheshimiwa... anakaa juu yako."

"Na mwanangu, unanihakikishia kwamba yeye ndiye aliyeamua? Si mtu mwingine?"

Niliona miguu yake ikisogea chini ya meza. Niliuona mguu mwingine, mdogo kama kidole gumba. Nikakingoja kichwa changu kinachokubali kila kitu, na kwa uzito wa kitaalamu kikashuka, kikapanda.

Mheshimiwa Kilindo alishusha pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu ateuliwe. Akachukua rimoti, akabonyeza joto. Mbawa zikafunguka. Hewa ikamfikia usoni, naye akafumba macho. Chini ya meza tulisikia kitu cha mpira kikipigwa teke taratibu kuelekea pembeni.

"Ndugu zangu," alisema, akiivua skafu ya kwanza, "hakuna kiongozi anayeweza kushindana na walio juu yake. Nimekuwa nikisema siku zote kwamba joto ndilo msingi wa heshima yetu."

"Siku zote!" walisema wakurugenzi, wakifungua vifungo.

Akavua skafu ya pili.

*

Sasa hivi mambo yamebadilika hapa Adabu. Bi Shamte ameandika jedwali jipya: Waziri nyuzi thelathini, na kushuka. Watu wanapongezana kwa jasho. Yule karani ameacha ugoro, siku hizi anajinyunyizia maji ya chupa kwenye paji la uso kabla ya kwenda ukweni. Aliyevurunda anaondolewa joto, na ndugu zake huja kumpa pole na sweta. Fundi Chogo amepandishwa cheo kwa sababu amezaliwa anatoka jasho. Mshauri Mkuu bado yuko kati ya nondo, chini ya mwavuli wake, na hajawahi kukosea, maana hajawahi kuulizwa.

Mimi sikupandishwa. Katika ripoti ya mwaka imeandikwa kwamba mtaalamu alikuwepo.

Lakini nilikuwepo pia siku Tunu alipotoka chumba cha njiti kwa miguu yake. Alinikuta kwenye korido nikikagua bomba la kutolea maji, akanisimamisha. Mtoto alikuwa amefungwa khanga moja tu. Mapazia yalikuwa yamerudi dirishani.

"Nimempa jina," alisema. "Mshauri."

"Jina kubwa."

"Basi nimpe dogo, anyamazishwe na kila mtu?" Mtoto alifungua kinywa akapiga ukelele uliomfanya askari wa mlangoni asimame wima. Tunu akacheka. "Msikie. Si sauti ya mtu wa kusikilizwa hiyo, dada?"

Kichwa changu kikaitikia, na safari hii nilikubaliana nacho.